Kaseti za hadikoo panki za miaka ya 80: wafichaji na wachakachuaji mmetuchosha

Wakuu, salamu fupi tu leo, maana nimekasirika na nataka niandike kabla hasira haijapoa.

Nawasema watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wale waliokalia kanda za demo (rekodi za majaribio za bendi) na za mkusanyiko za hadikoo panki ya miaka ya 80 na hawataki sikio la mtu mwingine lizifikie. Wa pili ni wachakachuaji: wanaosafisha sauti kwa kompyuta mpaka inakufa, wanaokatakata mikusanyiko, na wanaotengeneza kanda za bandia na kuziuza kwa bei ya asili. Na hao wa kwanza ndio wanaowalisha hao wa pili. Muziki ukishasikika bure kila mahali, mwizi atamuuzia nani?

Kwa wageni wa jambo hili nieleze kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 80 kule Marekani, kisha Uingereza, Italia, Brazil, Ufini, Poland na kwingineko, vijana waliichukua panki, ule muziki wa roki wa vijana waasi, wakaikaza, ikaitwa hadikoo. Nyimbo za dakika moja au chini ya hapo, mwendo wa kasi ya ajabu, maneno ya hasira juu ya serikali, vita na polisi. Kampuni kubwa za muziki hazikuwataka, na wengi wao nao hawakuzitaka. Kuchapa santuri kulihitaji fedha. Kaseti haikuhitaji. Philips walikuwa wameitoa tangu 1963 na redio kaseti zilishaenea. Bendi inarekodi gereji au chini ya nyumba ya mtu, inadurufu kanda moja moja, jalada linapigwa fotokopi, nyuma inaandikwa anwani ya nyumbani kwao. Wewe unatuma kanda tupu na stempu, wanakurudishia kanda imejaa. Wapo waliokuwa wakipaka gundi juu ya stempu ili muhuri wa posta uoshwe na stempu itumike tena. Kijana wa Ohio alisikia bendi za Helsinki kwa njia hiyo, miaka mingi kabla ya intaneti.

Wapenzi wa reggae humu mnawajua Bad Brains, Marasta weusi wa Washington, D.C. Albamu yao ya kwanza, ile yenye radi inayopiga kuba la bunge la Marekani jaladani, ilitoka Februari 1982 kwenye kaseti. Santuri ilikuja baadaye. Ilirekodiwa 171-A, studio iliyokuwa Avenue A, New York, na lebo, yaani kampuni iliyoitoa, ilikuwa ROIR ya Neil Cooper, lebo iliyosimama juu ya kaseti. Mwaka huo huo ROIR wakatoa New York Thrash, mkusanyiko wa bendi za jiji hilo, na ndani yake wamo Beastie Boys wakiwa bado wanapiga panki, kabla dunia haijawajua kama marapa. Muziki wa uzito huu ulizaliwa ndani ya kaseti, halafu leo mtu ananiambia kaseti ni mali ya kufungia kabatini!

Na nia ya wenye muziki wenyewe haina utata. Mwaka 1981 makampuni ya muziki Uingereza yalianzisha kampeni ya kusema kurekodi nyumbani kunaua muziki. Dead Kennedys wa San Francisco wakatoa In God We Trust, Inc., na kwenye toleo la kaseti wakaziweka nyimbo zote upande mmoja. Upande wa pili wakauacha mtupu, wakaandika kwamba kurekodi nyumbani kunaua faida za makampuni, na kwamba upande huo wameuacha wazi ili nawe usaidie. Wakuu, bendi imekuachia nafasi ya kurekodia! Unataka ruhusa gani tena?

Sasa nije kwa wafichaji. Kuna kikundi kimoja cha wakusanyaji mtandaoni, sitakitaja. Mle kuna bwana ana kanda ya mkusanyiko ya 1983 ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Picha ameweka, orodha ya bendi ameweka, hata karatasi ya maneno ya nyimbo ameikunjua ili tuione tutokwe na udenda. Tukimwomba aidurufu, anaweka sekunde chache huku anaongea juu yake makusudi, isije mtu akairekodi. Sababu amezisema mwenyewe bila aibu: ikisambaa, bei itashuka.

Bei! Kanda ambayo kijana fulani aliitoa kwa stempu na ahsante, leo ni akiba ya uzeeni ya mtu ambaye hakushika gitaa wala hakulala sakafuni baada ya onyesho. Demo adimu zinafika mamia ya dola, na kati ya hizo hakuna hata senti inayomfikia mpiga ngoma. Na wakati bwana huyu anasubiri bei ipande, kanda haimsubiri. Gundi ya kile kipande cha sufi kinachobana mkanda kwenye hedi (kile kichwa cha deki kinachosoma sauti) inaachia. Sauti ya mzunguko mmoja inajichapa kwenye mzunguko wa jirani, ukisikiliza unasikia kivuli cha wimbo kabla wimbo haujaanza. Penye joto na unyevu kama huku kwetu pwani, kuvu nayo inaingia. Siku akifariki, wanawe watabeba masanduku yote mpaka jalalani, maana hakuna anayejua kilichomo. Hiyo ndiyo hifadhi mnayojisifia?

Mnajua grindcore, ule muziki wa kasi na ukali kupita hadikoo, ilifikaje hapa ilipo? Chukueni bendi ya Siege, vijana wa Weymouth, Massachusetts. Mwaka 1984 walirekodi demo. Hawakuwa na kampuni nyuma yao. Kanda ikatoka mkono hadi mkono, ikavuka bahari, ikawafikia Napalm Death kule Uingereza, na mwendo wao ukabadilika. Na Napalm Death wenyewe, vijana wa Meriden karibu na Birmingham, walionekana kwa mara ya kwanza kwenye santuri mwaka 1984, katika juzuu ya tatu ya Bullshit Detector, mfululizo ambao kundi la Crass waliutengeneza kutokana na kanda walizotumiwa na bendi zisizojulikana. Kila hatua hapo kuna mtu aliyetuma kanda. Angekuwepo mfichaji mmoja tu katikati ya mnyororo huo, akaamua kusubiri bei, tungekuwa tunasikiliza nini leo?

Wachakachuaji sasa, na hapa nimeumizwa mfukoni. Nilinunua kanda kwa muuzaji wa mtandaoni aliyetangaza kuwa ni nakala ya asili ya 1983. Fedha nyingi, na usafirishaji juu. Ilipofika niliichunguza. Nikalowesha kidole, nikagusa jalada: rangi ikasambaa. Huo ni wino wa printa ya kompyuta. Fotokopi ya zama zile ni unga uliounguzwa ukashikana na karatasi, mate hayautoi. Nikaitazama kanda yenyewe, muundo wake ni wa kanda tupu zilizouzwa miaka ya 90. Mwisho nikaiingiza kwenye kompyuta nikaangalia picha ya sauti. Muziki wote unakoma ghafla kwenye kilohezi 16, huko kwenye sauti za juu kabisa, umenyooka kama ukuta, juu yake umebaki mvumo mtupu wa mkanda. Muziki uliorekodiwa kwenye kaseti moja kwa moja haukomi hivyo, unafifia polepole. Ukuta wa namna ile ni alama ya MP3 ya ubora wa chini. Yaani jamaa kapakua faili la bure, karekodi juu ya kanda ya miaka ya 90, kachapa jalada nyumbani, kaniuzia historia ambayo haipo. Nilipomwandikia na ushahidi wote, alijibu kuwa mauzo yamefungwa, kisha akanizuia nisimfikie tena. Hadi naandika hapa bado anauza, na picha ni zile zile.

Halafu kuna wasafishaji. Hawa naamini wengine wana nia njema, lakini madhara ni yale yale. Wanachukua demo iliyorekodiwa kwa maikrofoni moja chumbani, wanapitisha programu ya kuondoa mvumo, wanapandisha sauti mpaka mwisho, wanaandika "imeboreshwa". Mvumo hauondoki peke yake. Unaondoka na matoazi, na kucha ya mpiga besi kwenye waya, na ule mwangwi wa chumba uliokuwa unakuambia hawa watu wamesimama wapi. Ni sawa na kuosha dagaa kwa sabuni ili usisikie harufu. Na hapo hapo hata kasi hawajaipima! Mkanda wa kaseti unatakiwa kupita kwenye hedi sentimita 4.76 kwa sekunde. Deki za bei poa zilikuwa zinakimbia au kuburuta, na kila aliyedurufu aliongeza kosa lake juu ya kosa la mwenzake. Ndiyo maana mtandaoni unakuta bendi ile ile mwimbaji wake mahali pamoja ana sauti ya mtoto na mahali pengine ya jitu. Hata hedi hawainyooshi: skrubu yake ipo, bisibisi ndogo inatosha, unageuza huku unasikiliza mpaka sauti za juu zifunguke. Hawafanyi. Wana muda wa kuweka nembo yao katikati ya jalada, muda wa kugeuza skrubu hawana.

Linaloniuma kuliko yote ni kukatakata mikusanyiko. Mtu anachukua kanda yenye bendi nyingi, anachomoa mbili zilizokuja kuwa maarufu, anazipandisha, zilizobaki anazitupa. Wakati zile zilizobaki ndizo hazipo popote pengine duniani! Mkusanyiko wa kaseti ulikuwa na mpangilio wake, na ulikuwa na kijitabu: maneno ya nyimbo, michoro, anwani za kila bendi ili uwaandikie. Lebo ya BCT ya San Diego ilijaza kanda zake bendi za nchi ambazo Mmarekani wa kawaida asingezisikia kamwe, na ndiyo iliyotoa onyesho la Pisa, Italia, la Desemba 1983, bendi baada ya bendi za Kiitaliano. Ukichomoa mbili tu humo, umebaki na nini?

Na wengine walilipa kwa uhuru wao. Poland ya miaka ile bendi ilipeleka maneno ya nyimbo kwa wakaguzi wa serikali kabla ya kuyaimba. Bendi ya Dezerter wakarekodiwa jukwaani kwenye tamasha la Jarocin mwaka 1984, na mwaka uliofuata wakaitoa kanda hiyo wenyewe. Ujerumani Mashariki ilikuwa hatari zaidi. Sauti za bendi ya Schleim-Keim zilivushwa kwa siri hadi Berlin Magharibi, zikatoka mwaka 1983 kwa jina la kujificha, na bado Stasi, polisi wa siri wa huko, wakamkamata kiongozi wa bendi. Watu walikubali kushikwa na polisi ili mkanda ufike upande wa pili. Wewe uko sebuleni kwako, una intaneti ya kutosha, hutaki hata kubonyeza kitufe.

Najua nitajibiwa kwamba bendi zina haki zao. Ndiyo, zinazo, na mimi nazitetea. Bendi ikisema isisambazwe, hatusambazi. Ikitoa yenyewe, tunanunua. Lebo ya Dischord walionyesha njia: demo ya kwanza ya bendi ya Minor Threat, iliyorekodiwa 1981 kwenye studio ya Don Zientara kule Arlington, waliitoa 2003, nyimbo zake nane, ikiwa na ukali wake wote. Maktaba ya umma ya Washington, D.C. ilianzisha hifadhi ya panki mwaka 2014, watu wanapeleka kanda na vipeperushi vyao na kila mwananchi anaingia kutazama. Hakuna aliyepoteza kitu. Lakini mfichaji hazungumzii haki za bendi. Anazungumzia bei, haki za bendi anazivaa akibanwa tu.

Tulikuwa na blogu nyingi zilizofanya kazi hii kwa moyo, mtu anaingiza kanda nzima, pande zote mbili, na picha za jalada. Januari 2012 Megaupload, tovuti ya kuhifadhia mafaili tuliyoitegemea, ikafungwa na serikali ya Marekani, viungo vikafa kwa usiku mmoja. RapidShare nayo ikafunga Machi 2015. Kanda nyingi zilizokuwa zinasikika mwaka 2010 leo hazisikiki, na waliozipakua wakati ule ndio hao hao wanaotuuzia bandia. Sasa hivi tumebaki tunategemea huruma ya watu wasio na huruma.

Kwa hiyo naomba, na naomba kwa ukali. Mwenye kanda aingize pande zote mbili bila kukata, kwa faili lisilobanwa, bila kusafisha chochote. Kusafisha kila mtu atajisafishia kwake. Apige picha jalada mbele, nyuma na ndani, na kanda yenyewe, aandike imetoka mkono wa nani kama mwenyewe anaruhusu. Kama ni nakala ya nakala, aseme. Kasoro zitajwe, zisifichwe. Na wanaouza, waweke sauti ya dakika moja isiyobanwa na picha ya jalada karibu, tuamue wenyewe kabla ya kutoa hela.

NYONGEZA: Kuna mkuu kaniandikia pembeni kwamba ana boksi la kanda za marehemu kaka yake aliyeishi Ulaya miaka hiyo, hajui zina nini na hana deki. Mkuu, usizicheze kwenye redio yoyote kuukuu, itazitafuna. Usizirudishe nyuma pia. Ziweke pakavu, mbali na spika, na kama vile vidude viwili vya plastiki vya juu bado vipo, vivunje leo ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Nauli ya kuja kuzichukua natoa mimi, deki ninayo, na kila kanda utarudishiwa pamoja na sauti yake.