Mdahalo wa S.5 na S.6 (sekondari ya juu): sayansi au Muumba? Naomba hoja zinazosimama

Mlezi_wa_Mdahalo, Mbale

Salaam wakuu. Klabu ya mdahalo ina hoja hii: "Sayansi imeeleza chanzo cha ulimwengu, Muumba hana nafasi tena." Darasani kuna Wakatoliki, Waanglikana, Waislamu, Waadiventista na wachache wasiosali popote.

Shida ni ileile. Wanaounga mkono husema Mlipuko Mkuu (Big Bang), yaani kwamba ulimwengu ulianza mdogo na wa moto kisha ukatanuka, umethibitishwa. Ukiwauliza umethibitishwa vipi, kimya. Wanaopinga husoma aya moja na kukaa. Naomba hesabu ambayo mwanafunzi ataifanya mwenyewe ubaoni kwa kalikuleta, hoja ya Muumba inayojengwa kwa akili, na mahali ambapo kila upande hujikwaa. Matusi ya dini hapana, wanafunzi watausoma uzi huu.

Mstari_Mwekundu

Mwalimu, anza na haidrojeni. Gesi hiyo ikipitishiwa umeme hutoa mstari mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656.3, iwe Mbale au Marekani. Wape galaksi ambayo mstari huo umesomeka kwenye 669.4. Wimbi limerefuka kwa sababu galaksi inatuacha. Toa 656.3, inabaki 13.1. Gawanya kwa 656.3, unapata 0.02. Zidisha kwa kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde: galaksi inatuacha kwa kilomita 6,000 kila sekunde. Gawanya kwa 70, yaani kasi ya kutanuka katika kilomita kwa sekunde kwa kila megaparseki, na umbali ni megaparseki 86 hivi. Megaparseki moja ni miaka ya nuru milioni 3.26, kwa hiyo mwanga huo umesafiri miaka kama milioni 280.

Halafu umri wa ulimwengu, yaani muda ambao kasi hiyo imechukua kuzifikisha galaksi zilipo. Megaparseki moja ni kilomita 3.09 × 10^19. Igawanye kwa 70 upate sekunde 4.4 × 10^17. Mwaka una sekunde milioni 31.6. Jibu ni miaka bilioni 14. Hesabu kamili, inayozingatia kwamba mtanuko haukwenda kwa mwendo mmoja wakati wote, inatoa bilioni 13.8.

Wanafunzi huharibu hapa: wanachagua Andromeda kwa sababu ndiyo wanayoijua. Andromeda inatujia, mstari wake umesogea upande wa buluu, na kalikuleta inawapa umbali hasi. Galaksi jirani huvutana zenyewe kwa zenyewe, hazifai kupimia mtanuko. Galaksi za mbali mno nazo wasizitumie; ile 0.02 ikishapita 0.1 hivi, njia hii nyepesi inaanza kudanganya.

Sasa sikiliza lililompata mwanaastronomia Edwin Hubble, aliyepima mtanuko huu mwaka 1929. Yeye hakupata 70, alipata kama 500. Rudia hesabu kwa 500: ulimwengu una miaka bilioni 2 tu. Miamba ya kale ya West Nile ina zaidi ya bilioni 2.5! Mawe ya Arua yangekuwa makongwe kuliko ulimwengu wenyewe. Sehemu ya kosa ilikuwa kwenye nyota zinazotumika kupimia umbali, zile za Cepheid. Ziko za aina mbili, na zilikuwa zimechanganywa. Mwanaastronomia Walter Baade alipozitenganisha, mwaka 1952 umbali wote ukawa mara mbili na umri ukapanda nao. Mpinzani akisema "sayansi hubadilika kila siku", mpeni mfano huu: ilibadilika kwa kipimo, na sababu ya kosa inajulikana.

Ila upande wa sayansi usijifanye umemaliza. Kwa ile namba ya 70, leo vipimo vya setilaiti ya Planck vinatoa 67, nyota za Cepheid zikitumika pamoja na supanova (nyota zinazolipuka) zinatoa 73, na ugomvi huo haujaisha. Wautaje wenyewe kabla hawajatajiwa.

Ushahidi wa pili, na mimi naupenda kuliko wa kwanza, ni heli. Katika dakika za mwanzo kulikuwa na protoni 7 kwa kila nutroni 1. Chukua protoni 14 na nutroni 2. Nutroni zote 2 zinachukua protoni 2 na kuunda heli moja yenye uzito wa 4. Protoni 12 zinabaki haidrojeni. Nne kwa kumi na sita ni asilimia 25, na hicho ndicho kiasi kinachopimwa kwenye gesi ambayo nyota hazijaichafua. Elementi ya lithi ndiyo imekataa kukubaliana na hesabu: nadharia inatabiri kama mara tatu ya kile kinachoonekana kwenye nyota kongwe.

Wa tatu ni mabaki ya joto la mwanzo huo, mnururisho wa nyuzi 2.7 juu ya sifuri kamili unaotoka kila upande wa anga, walioukuta Penzias na Wilson, 1965.

Msomaji_wa_Kalamu, Bombo

Ndugu hapo juu amefanya kazi nzuri, nami nichukue upande wa pili. Hoja ya akili iliyo mashuhuri ni ya Imamu Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111. Ina ngazi tatu: kila kilichoanza kuwapo kina kisababishi, ulimwengu ulianza kuwapo, basi una kisababishi. Mwanafunzi huvunjikia kwenye ngazi ya pili, kwa sababu huibandika Mlipuko Mkuu na kuondoka. Vipimo vinatufikisha kwenye ulimwengu uliokuwa mdogo, mzito na wa moto kupita kiasi. Ukirudi nyuma zaidi ya sehemu ya sekunde yenye sifuri 42 baada ya nukta kabla hujafika kwenye 1, fizikia tuliyo nayo haifanyi kazi. Huko hakuna aliyepima kitu, wala wa maabara wala wa mimbari. Ghazali mwenyewe hakutegemea darubini. Alisema mfululizo wa matukio usio na mwanzo hauwezekani kiakili. Huyo ndiye wa kutetewa, na mpinzani wake halali ni mwanafalsafa Mwislamu Ibn Rushd, aliyemjibu.

Kwa Wakristo, mwanateolojia Tomaso wa Akwino ana nguvu zaidi kwa maoni yangu. Alishikilia kwamba akili peke yake haiwezi kuthibitisha kuwa ulimwengu una mwanzo. Hilo alilipokea kwa imani. Hata ulimwengu wa milele, kwake, ungemtegemea Mungu kila dakika ili uendelee kuwapo. Ukimkubali, hesabu ya bilioni 13.8 haimgusi, ikiwa sahihi au ikiwa si sahihi.

Na wasisahau Georges Lemaître: padri wa Ubelgiji, aliyeandika juu ya ulimwengu unaotanuka mwaka 1927, kabla ya Hubble. Papa Pius XII alipouhusisha mwanzo huo na uumbaji, Novemba 1951, Lemaître hakupendezwa. Padri hakutaka Mwanzo 1:1 ining'inizwe kwenye nadharia inayoweza kurekebishwa kesho.

Omuto_wa_Kyaggwe

Na Kintu, mtu wa kwanza katika hadithi za Baganda, mnamwacha wapi, bassebo? 😀

Msomaji_wa_Kalamu, Bombo

Ssebo, Kintu hana kesi hapa. Hadithi inamkuta tayari yuko Buganda na ng'ombe wake mmoja, na Ggulu, mwenye mbingu, yuko juu na watoto wake. Inaeleza binti yake Nambi alivyokuja kuolewa na Kintu, na Walumbe, yaani Kifo, alivyofuata, yaani kwa nini tunakufa. Nyota zilitoka wapi, haiulizi.

Mlezi_wa_Mdahalo, Mbale

Asanteni sana. Kwa hiyo hoja yenyewe imekaa vibaya?

Mstari_Mwekundu

Imekaa vibaya, ndiyo. "Chanzo" kinabeba maswali mawili: ulimwengu ulikuaje kutoka hali ya moto, na kwa nini kuna kitu badala ya kutokuwa na kitu. La kwanza lina vipimo, la pili halina. Mkiyaacha pamoja, wazungumzaji watapishana bila kugusana. Jaribu hii: "Sheria za fizikia zinatosha kueleza kwa nini ulimwengu upo." Hapo anayeunga mkono analazimika kusema sheria zenyewe zimetoka wapi, na anayepinga analazimika kusema kwa nini Muumba hahitaji kisababishi wakati vingine vyote vinahitaji.

Ile hesabu ya 669.4 iandikwe ubaoni kabla ya kuanza. Mzungumzaji akiianza jukwaani, kengele italia bado anazidisha.