Binti yangu wa miaka 15 anajinyima chakula mchana kisha anakula usiku: nimsaidieje apunguze uzito bila kumuumiza?

Mama Watatu, Donholm

Hamjambo nyote. Nina binti wa miaka 15 anayesoma shule ya kutwa hapa Nairobi, na tangu likizo ya Desemba amekuwa akipambana na uzito wake kwa namna inayoninyima usingizi. Tulikuwa mashambani kwa sherehe ya familia, na shangazi yake, ambaye kwetu anajulikana kwa kusema lolote bila kuulizwa, akamtazama mbele ya binamu zake akasema kwamba msichana amenona mpaka sare ya shule itabidi ishonwe upya. Watu walicheka, naye akacheka pamoja nao. Tuliporudi mjini akaacha kunywa chai ya asubuhi.

Sasa siku zake hupita hivi: anaamka saa kumi na moja kasorobo, anakunywa maji ya moto yenye ndimu, anaondoka bila kutia kitu tumboni, chakula cha mchana anampa rafiki yake, na akifika nyumbani jioni huwa amechoka na hasemezeki. Usiku tukishalala ndipo ninaposikia kabati la jikoni likifunguliwa. Asubuhi nakuta nusu ya mkate imekwenda, naye ameamua kwamba siku hiyo atajinyima zaidi ili kufidia ya usiku. Juzi nikifagia nilikuta mizani chini ya kitanda chake, ambayo aliinunua kwa pesa za nauli alizokuwa akijiwekea kidogo kidogo.

Ni kweli kwamba uzito wake umeongezeka kwa haraka katika miaka hii miwili, na hata kupanda ngazi za ghorofa yetu humtweta. Nilimpeleka kwenye kliniki moja, tukaambiwa kwa dakika tano kwamba apunguze kula, tukalipa, tukatoka. Jirani ananishauri nimnunulie chai ya kupunguza tumbo inayouzwa mtandaoni. Mume wangu anasema tumwache, uzito utaondoka wenyewe akikua. Mimi mwenyewe, niseme ukweli, sijala ugali wa usiku kwa miaka miwili na kila Jumapili huwa nalalamika mbele ya kioo, kwa hiyo sijui hata nianze kumfunza kutoka wapi. Naomba ushauri wa mtu aliyepitia haya au anayeyajua kwa kazi yake.

Mshauri wa Lishe, Kasarani

Pole, mama, na asante kwa kueleza siku ya binti yako saa kwa saa, kwa sababu jibu kubwa limo humo humo. Nimewashauri vijana kuhusu lishe kwa miaka kadhaa, na mzunguko huo wa kujinyima mchana na kufungua kabati usiku ndio ninaouona mara nyingi kuliko mwingine wowote. Watu huuita ukosefu wa nidhamu, ilhali ni mwili unaodai deni lake. Mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, wanaume 36 waliojitolea walipunguziwa chakula kwa takriban miezi 6 ili wataalamu waone njaa humfanya nini binadamu mwenye afya. Watu wazima wale, waliochaguliwa kwa uimara wao, walianza kuwaza chakula mchana kutwa, wengine wakawa wanasoma vitabu vya mapishi, na waliporuhusiwa kula tena kuna walioshindwa kabisa kujizuia. Ikiwa wao walifika hapo, msichana wa miaka 15 ambaye bado anakua tutamtegemea nini anapotoka nyumbani na maji ya ndimu saa kumi na moja alfajiri na kukaa hivyo mpaka jioni?

Kwa hiyo jambo la kwanza, hata kama linaonekana kinyume na mnachokitafuta, ni kumrudishia kifungua kinywa na chakula cha mchana. Uji wa wimbi na yai, au viazi vitamu au nduma na kikombe cha maziwa, vitamfikisha saa nne bila kutetemeka. Mchana ale cha shule. Githeri yenye maharagwe ya kutosha ni chakula kizuri sana, na sijui ni nani aliyeieneza sifa mbaya kwamba inanenepesha. Akifika nyumbani apate kitu mara moja, ndizi au maziwa lala, asingoje chakula cha saa tatu usiku. Utaona kabati la usiku linaanza kutulia kabla ya mizani kusema lolote.

Pili, apimwe ipasavyo. Kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto huishia kwenye miaka 5, na baada ya hapo watoto wetu wengi hawapimwi tena mpaka jambo liharibike. Kwa umri wake zipo chati za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2007, za miaka 5 hadi 19, zinazolinganisha uzito na urefu kwa kuzingatia umri na jinsia. Ile karatasi ya watu wazima inayobandikwa ukutani haimfai. Baba yake ana ukweli kwa sehemu: mtoto ambaye bado anarefuka mara nyingi hahitaji kupunguza kilo yoyote, bali uzito ukae palepale huku kimo kikipanda. Lakini wasichana wengi huwa wamekaribia kumaliza kurefuka miaka miwili hivi baada ya hedhi ya kwanza, na ndiyo maana ni vyema aamue mtu anayeiona chati yake yote, si mimi wala jirani. Mwombe daktari aangalie pia shinikizo la damu na sukari. Ukiona shingo au kwapa zimekuwa nyeusi na ngozi yake kuwa nene kama mahameli, usimwambie asugue zaidi. Mara nyingi hiyo ni dalili kwamba mwili unapata shida kuitumia insulini, na haitoki kwa sabuni.

Kuhusu chai ya jirani, tafadhali usiinunue. Nyingi za chai hizo huwa na sanamaki, ambayo hufanya kazi kwa kuuchochea utumbo mpana. Nguvu ya chakula huwa imeshafyonzwa katika utumbo mwembamba kabla haijafika huko, kwa hiyo kinachotoka ni maji na madini, mizani inashuka kwa siku mbili, halafu inarudi ilipokuwa. Mtumiaji wa muda mrefu anaweza kupoteza potasiamu mpaka moyo ukaanza kudunda ovyo.

Mizani hiyo iondoke chumbani, ila kwa mazungumzo, isinyakuliwe. Na ukiona hedhi imekatika, anazimia, anajitapisha baada ya kula, au anakwepa kula mbele ya watu wengine, mpeleke hospitali bila kungoja, hata kama mwili wake ni mkubwa. Maradhi ya kula hayachagui waliokonda peke yao.

Baba Kayole

Nakubaliana na mtaalamu, nami niongeze la upande wa wazazi. Mwanangu wa kiume alikuwa na miaka 14 tulipoambiwa apunguze uzito, nami kwa ujinga wangu nikamwahidi simu mpya akipunguza kilo kadhaa kufikia likizo. Alizipunguza kweli, kwa njia ambazo mpaka leo sipendi kuzikumbuka, na baada ya kuipata simu zikarudi zote na nyingine juu yake.

Kilichosaidia ni kuacha kumpikia chakula chake peke yake. Mwanzoni sisi tulikuwa tunakula chapati na nyama ya kukaanga naye anawekewa sukuma wiki iliyochemshwa, ameinama juu ya sahani kama aliyeadhibiwa. Tukabadilisha sufuria ya nyumba nzima: ugali ukabaki, lakini mboga ikawa nyingi kuliko ugali, managu na kunde zikaingia, ndengu au omena zikachukua nafasi ya nyama siku kadhaa za wiki, na mafuta tunayoyanunua ya kupima tukaanza kuyatia kwa kijiko badala ya kumimina kutoka kwenye chupa. Chapati zikawa za Jumapili. Soda ikatoka kwenye friji. Anayeitaka anaifuata dukani, na uvivu wa kushuka ghorofa tano umetusaidia kuliko hotuba yoyote.

Jioni mimi naye tulianza kushuka kwenye matatu steji mbili kabla ya yetu. Hatukuwa tukizungumza habari ya uzito, tulizungumza mpira. Alichukua zaidi ya mwaka mzima kubadilika, tena hakuwa mwembamba, lakini sasa anacheza dakika tisini na anapanda ngazi akiimba.

Mzee wa Umoja

Naomba radhi, lakini sioni kwa nini jambo hili liandikiwe kurasa. Zamani zetu mtoto alitumwa kuteka maji, akachunga mbuzi, akala alichopewa, na hakuna aliyejua mizani isipokuwa ya sukari dukani. Mwambie afue nguo kwa mkono na aache simu.

Mshauri wa Lishe, Kasarani

Mzee wangu, shikamoo. Kuhusu kutembea una haki kabisa: Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa dakika 60 kwa siku za mwili kufanya kazi kwa walio na miaka 5 hadi 17, na kuteka maji kulizipita hizo. Tofauti ni kwamba mtoto wa leo anaishi kwenye ghorofa isiyo na uwanja, anatoka gizani na kurudi gizani, na nje ya lango la shule kuna chipsi, smoki na soda za bei anayoimudu. Chupa ya nusu lita ya soda ya kola ya kawaida ina takriban gramu 50 za sukari, zaidi ya vijiko 12 vya chai, na hicho kinakaribia kuwa kiwango cha siku nzima ambacho hata mtu mzima ameshauriwa asikipite. Mbuzi hawakuwa wakiuza soda.

Halafu kuna usingizi, ambao wengi hatuuhesabu. Kijana wa umri huu anahitaji saa 8 hadi 10. Anayelala saa tano usiku na kuamka saa kumi na moja kasorobo amepata chini ya 6, na mwili usiolala vya kutosha huongeza hamu ya kula, hasa vitamu. Kumlaza mapema kidogo kunaweza kuwa na faida kuliko kumkimbiza.

Binti wa South B

Dada mkubwa, nina miaka 23 na nilikuwa huyo binti yako, kwa hiyo niruhusu niseme upande wake. Nilikunywa hizo chai nikiwa shule ya bweni, nikizificha kwenye chupa ya losheni. Asubuhi moja nilianguka kwenye gwaride, na nilipozinduka mwalimu alikuwa akiwaambia wenzangu kwamba wasichana wanene hawapendi jua. Baadaye hospitalini walikuta upungufu wa damu. Hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba msichana anayepata hedhi anahitaji madini ya chuma kuliko kaka yake, wala kwamba chai tunayokunywa pamoja na chakula huuzuia mwili kuyachukua hayo madini kutoka kwenye maharagwe na mboga. Siku hizi chai nainywa saa moja au mbili baada ya kula, na kwenye mboga nakamulia ndimu. Ile ndimu ya maji ya moto ya binti yako ihamie huko.

Kilichonibadilisha hakikuwa chakula kwanza. Mama yangu alimpigia simu mjomba mmoja, nikisikia, akamwambia kwamba habari ya mwili wa mtoto wake haitazungumzwa tena mezani. Nililia chooni kwa furaha. Tena aliacha kujisema mwenyewe mbele ya kioo, jambo ambalo alidhani silisikii. Mama, ile sentensi yako ya Jumapili yeye anaisikia, na anajua ametoka kwenye mwili huo huo.

Kwa mazoezi, msimlazimishe gym. Mimi nilirudia kuruka kamba na kucheza kati na watoto wa ploti, kisha nikajifunza kucheza muziki nikiwa nimefunga mlango. Jumamosi twende Karura, tulikuwa tunasema, na tulikuwa tunatembea mpaka maporomoko na kurudi bila kuona saa zimepita.

Mshauri wa Lishe, Kasarani

Dada wa South B amelisema vizuri kuliko mimi. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kiliwaandikia madaktari wake mwaka 2016 kwamba familia ziepuke mazungumzo ya uzito na mlo wa kujinyima, na badala yake zile pamoja mezani mara nyingi iwezekanavyo, kwa sababu vijana wanaojinyima ndio walioonekana baadaye kuongezeka zaidi au kuingia katika maradhi ya kula.

Mama Watatu, Donholm

Nimerudi baada ya siku tisa. Nilimpigia wifi yangu. Amenuna, na nimemwacha anune. Binti nilimwambia kwamba niliiona mizani na kwamba sikukasirika, kisha nikamwomba radhi kwa kunyamaza siku ile ya sherehe, na hapo ndipo alipolia. Tumekubaliana mizani ikae kwa jirani wa chini mpaka tuonane na mtaalamu wa lishe, ambaye tumepangiwa Alhamisi ya wiki ijayo katika hospitali ya kaunti.

Siku tatu za kwanza uji aliuacha nusu. Tangu Jumatatu anaumaliza, ila yai hataki, anataka njugu karanga, nami nimeona si jambo la kubishania. Kabati limefunguliwa usiku mara mbili tu wiki hii. Nilikula ugali naye jana saa moja unusu, akanitazama muda mrefu kabla ya kuuliza kama nimeanza kuumwa.

Swali moja limebaki kwa mshauri: ile ngozi nyeusi ya shingo ipo, nilikuwa nimeisugua kwa dodoki tangu akiwa darasa la saba. Je, niitaje mimi mwenyewe mbele ya daktari, au nimwache binti aseme?

Mshauri wa Lishe, Kasarani

Mwulize binti nyumbani kabla hamjatoka. Akipenda wewe useme, sema. Akipenda aseme mwenyewe, mpe nafasi ya kubaki na daktari kidogo wakati wewe unangoja nje. Na nendeni na orodha ya tarehe za hedhi zake za miezi sita iliyopita, kwa sababu wataziuliza.