Kalamu ya Montblanc imekaa kwa droo miaka mingi, naiamsha vipi na naeza itumia kazini kila siku?

wakili_wa_juzi
Habari zenu wadau. Niliapishwa uwakili mwaka huu na yule mzee niliyefanya mafunzo chini yake, ambaye anafunga ofisi arudi kwao Nyeri, akanipatia kalamu yake ya wino. Ni Montblanc Meisterstück 146, nyeusi, nyota nyeupe juu ya kifuniko, pete tatu za dhahabu, na nibu, ile sehemu ya mbele inayoandika, imechongwa 4810, 14K na 585. Mzee alikuwa anatia sahihi nayo kila kitu mpaka macho yakaanza kumsumbua akaiweka kwa droo na haijatolewa tena, wino ukakaukia humo ndani. Ukiangalia kale kadirisha ka wino unaona bluu imegandia kama rangi ya ukuta. Kile kitasa cha nyuma cha kuvuta wino kinazunguka kidogo tu halafu kinakataa, na sitaki kukilazimisha manake hii kitu sitawahi pata ingine.

Nataka kujua naisafisha vipi mwenyewe hapa nyumbani, na ikishaamka naeza itumia kila siku kwa viapo na mikataba ama ni ya kuweka tu? Pia wino gani. Natembea sana, korti za Milimani, Kiambu, na mara kwa mara Mombasa kwa kesi, sijui kama inavumilia. Nisaidieni tafadhali, naijali sana hii kalamu.

kijana_wa_ngara
Hongera wakili! Chemsha maji, tia kwa kikombe na spiriti kidogo ile ya kupaka vidonda, tumbukiza nibu dakika kumi hivi. Itafunguka tu. Mimi ndio nafanyanga hivyo na zangu za bei ndogo.

mwalimu_mstaafu
Wakili, hongera sana kwa kuapishwa. Tafadhali usiguse maji moto wala spiriti. Kijana wa Ngara nia yako ni nzuri lakini mwili wa hiyo kalamu si chuma, ni rezini, aina ya plastiki, na spiriti inaweza kuitia nyufa ama kuififisha ule mng'ao, nayo joto linalegeza na kupinda vitu ambavyo vilipimwa vikaenea. Kalamu ikiwa ya zamani fidi yake, yaani ule ulimi mweusi ulio chini ya nibu, huwa ni ya eboniti, raba iliyofanywa ngumu, na eboniti ikikutana na maji moto hupinda na kubadilika rangi. Maji baridi ya kawaida na subira, hiyo ndiyo dawa.

Sasa sikiliza. Maji ya bomba yenyewe si mabaya lakini mitaa mingi ya Nairobi tunatumia maji ya kisima, yana chumvi, ukiyaacha yakauke ndani ya kalamu yanaacha unga mweupe. Nenda petroli stesheni ununue maji ya betri, yale yaliyosafishwa kwa mvuke, usome karatasi ya chupa vizuri uhakikishe ni maji na si asidi maana vyote viwili huwekwa rafu moja. Mimina kwa glasi kiasi cha kufunika nibu na sentimita moja ya mwili, usizamishe kalamu nzima, isimamishe hapo ikae. Utaona wino unaanza kushuka kama uzi kutoka katikati ya nibu, uzi mwembamba wa bluu unaofika chini ya glasi na kutandaa. Maji yakikolea rangi uyamwage uweke mengine. Fanya hivyo siku nzima na usiku, ikibidi siku mbili tatu, hakuna mtu anakukimbiza.

Kitasa usikiguse mpaka maji yapande ndani. Kinachokizuia ni wino mkavu ulioshika ile raba ya pistoni, kile kizibo kinachopanda na kushuka ndani kuvuta wino, ukutani, ukikilazimisha unavunja meno ya skrubu ama unairarua raba, na hapo ndipo matengenezo ya pesa nyingi huanza. Baada ya kuloweka zungusha polepole kwa vidole viwili, kikikataa rudisha kwa maji. Kikianza kutembea, vuta na usukume maji mpaka yatoke meupe. Ukiona bado kuna bluu inayong'ang'ania tia tone moja la sabuni ya vyombo kwa glasi nzima, halafu suuza sana.

Na usijaribu kuing'oa nibu. Watu wamezoea Pelikan, M800 kwa mfano, ambayo unazungusha nibu kwa vidole inatoka na fidi yake yote, wanadhani zote ni hivyo. Nibu ya 146 imefungwa na koleo lake maalum. Pia usipake vaselini kwa pistoni hata ukishauriwa na nani, mafuta ya petroli hula raba. Kinachotumika ni grisi ya silikoni halisi, tena kidogo sana, na hilo muachie fundi anayezijua kalamu.

Ninayo Parker 51 ya baba yangu aliyekuwa karani enzi za mkoloni, ile yenye nibu iliyofichwa, na inaandika mpaka leo kwa sababu haijawahi kuachwa na wino ikiwa haitumiki. Hiyo tu.

mitumba_ya_saa
Mimi nauza saa na kalamu za mitumba hapa tao, na mimi naona usiitumie. Isafishe, irudishe kwa boksi, zawadi kama hiyo ukiizungusha kotini itachubuka, itaibiwa, ama utaisahau kwa dawati la watu. Nunua Lamy Safari ama Pilot Metropolitan ya kazi ya kila siku.

Halafu kabla ya yote hakikisha ni yenyewe. Sisemi mzee alidanganya, lakini hata yeye anaeza kuwa aliuziwa. Feki nyingi ukizifungua katikati unakuta katriji, kile kichupa cha wino cha kubadilisha, ama konvata, kifaa cha kuchomoa kinachokaa mahali pa katriji. 146 na 149 zinavuta wino kwa pistoni, ukitaka ya katriji kwa hiyo familia ni 145. Yako ina kitasa cha nyuma na dirisha la wino so hapo umeanza vizuri. Chukua sumaku ndogo uisogeze kwa nibu, dhahabu hainaswi, ikinaswa ujue ni chuma kimepakwa rangi. Angalia ile pete iliyoshika klipu, kwa za kuanzia miaka ya 90 kunakuwa na namba. Kama haina namba usishtuke, inaeza kuwa ya kabla ya hapo. Hiyo 4810 ni urefu wa mlima Mont Blanc kwa mita, na 585 maanake dhahabu sehemu 585 kwa elfu, ndio hiyo 14K. Feki nazo huchonga hizo namba, kwa hivyo angalia mchongo wenyewe, wa kweli ni mkali na safi hata ukitumia lenzi, wa feki umetapakaa.

dada_karani
Mitumba ya Saa hapo kwa kuhakiki umesema kweli, lakini kuiweka kwa boksi nakataa kabisa. Kalamu ya wino iliyokaa ndio inaharibika, si ndio hii tunaijadili hapa imeganda? Ile inayoandika kila siku wino unatembea, raba inabaki laini, nibu inabaki safi. Mzee alimpa wakili chombo cha kazi, na alikitumia kwa kazi. Aitumie.

Mimi niko ofisi ya mawakili miaka mingi, naona makaratasi kutoka kila mahali, acha niongee juu ya wino manake hapo ndio watu hukosea. Bluu nyingi nzuri za kalamu ya wino zinaoshika na maji. Pelikan 4001 ya bluu ya kifalme ni tamu sana kwa jicho na inaosha kalamu yako vizuri, lakini imetengenezwa ifutike, Ujerumani watoto wa shule wana kalamu maalum ya kuifuta. Sasa wewe utie nayo sahihi kwa hati ya kiapo halafu faili inyeshewe ikitoka Milimani, ama mtu amwagie chai, sahihi imeenda. Kwa daftari lako la kortini sawa, kwa hati hapana.

Kwa hati kuna njia mbili. Kuna wino wa pigmenti, ambao rangi yake ni chembe ndogo sana zinazokaa kwa karatasi na maji hayazitoi. Na kuna wino wa chuma, ule wa kale, ambao ndani yake kuna chumvi ya chuma na tanini, ukiandika inaonekana bluu halafu hewa inaigeuza nyeusi siku zinavyoenda na inashika ndani ya nyuzi za karatasi. Pelikan 4001 ya bluu-nyeusi ni ya hiyo aina, na Platinum pia wanayo ya bluu-nyeusi. Ina asidi kidogo, kwa nibu ya chuma unaeza kuona kutu na muda, lakini yako ni dhahabu haina neno. Masharti ni moja: ukitumia yoyote kati ya hizo mbili usiiache ikaukie ndani. Osha kila mwezi, na ukienda likizo iache tupu. Na ule wino wa wachoraji unaoitwa wino wa India usiulete karibu hata kwa mchezo, una gundi, ukikaukia kwa fidi ya 146 hio ni kilio.

Karatasi nayo. Karatasi ya printa ya gramu 80 tunayotumia maofisini zingine zinashika vizuri zingine wino unatandaa miguu miguu na kupenya upande wa pili, hata rimu mbili za kampuni moja zinaeza kutofautiana. Tia sahihi ya kujaribu kwa karatasi ya mwisho ya rimu kabla uchapishe mkataba wa kurasa arobaini. Weka kipande cha karatasi ya kunyonya wino ndani ya diari manake kamishna wa viapo hana muda, ukimpa hati anagonga muhuri hapo hapo juu ya sahihi yako mbichi na inachafuka.

Kitu ingine, fomu za kaboni usiandike na hiyo kalamu. Slipu za benki, vitabu vya risiti nakala tatu, hizo zinataka kugandamiza, na ukigandamiza nibu ya dhahabu miguu yake miwili inapanuka na haitarudi. Beba biro. Pia ya kuazimisha watu! Hapa Nairobi kila foleni lazima mtu akuombe kalamu, na hana ubaya ila ataishika pembe mbaya na kukandamiza venye amezoea. Mpe biro na tabasamu.

pwani_bara
Hapo kwa Mombasa nimjibu manake mimi napanda na kushuka hiyo njia sana na kalamu mfukoni. Kushuka hakuna shida, shida ni kurudi. Nairobi tuko mita karibu 1,800 juu ya bahari na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani karibu sehemu moja kwa tano. Ukijaza wino Mombasa ukatumia nusu, ile nafasi iliyobaki ni hewa nzito ya pwani, sasa gari moshi likipanda hiyo hewa inatanuka na inasukuma wino nje, unafungua kifuniko Syokimau karibu na Nairobi vidole vyote bluu. Ndege pia ni hivyo hivyo, ndani ya ndege presha inashushwa mpaka kama ya mlima wa mita 2,400.

Dawa ni rahisi, safiri ikiwa imejaa pomoni, hewa ikiwa kidogo hakuna cha kutanuka, ama ikiwa tupu kabisa. Na nibu iangalie juu, klipu kwa mfuko wa koti, usiilaze kwa begi. Usiifungue njiani wakati wa kupanda. Pia usiiache kwa gari hapo Nyali jua kali.

wakili_wa_juzi
Jamani asanteni, sikutarajia majibu mazuri hivi. Sumaku haikunasa kitu. Maji ya betri nilipata petroli stesheni ya hapa Ngong Road na kweli yamewekwa ubavu kwa ubavu na asidi, mwalimu asante kwa kunionya. Ule uzi wa bluu ulishuka vile vile ulisema, nilikaa nikiuangalia muda mrefu. Kitasa kilikuja siku ya tatu, kwanza kikagoma katikati nikarudisha kwa maji, jioni kikazunguka mpaka mwisho. Sasa kinaenda vizuri ingawa ni kigumu kidogo. Nimeweka ile Pelikan ya bluu-nyeusi na inaandika, laini yake ni nene na tamu, lakini nikipeleka mkono juu kuelekea kushoto nasikia inakwaruza. Nikishuka haikwaruzi. Kuna mtu ameniambia niisugue kwa msasa wa kucha. Nifanye?

mwalimu_mstaafu
Msasa wa kucha hapana, wakili, hapana kabisa. Ncha ya nibu si dhahabu, ni punje ndogo ya madini magumu iliyochomelewa pale, na punje hiyo ndiyo inayogusa karatasi. Ukiila kwa msasa umeimaliza, na dhahabu iliyo nyuma yake ni laini, haitaandika.

Ikikwaruza upande mmoja tu mara nyingi maana yake miguu miwili ya nibu haiko sawa, mmoja umepanda juu ya mwenzake kwa unywele. Nenda kwa sonara ama fundi wa saa umuombe lenzi yake, shika kalamu nibu ikikutazama usoni uangalie punje mbili zile. Zikiwa hazilingani utaona ngazi ndogo. Ule mguu uliopanda unashushwa kwa ukucha wa kidole gumba, kidogo sana, kutoka juu, unaacha, unaangalia tena kwa lenzi, unaandika. Ukiona mkono wako hautulii usifanye, mpe mtu aliyezoea nibu.

Lakini kabla ya hayo yote angalia unavyoishika. Mzee wako ameandika nayo miaka mingi kwa pembe yake na ncha inalika kidogo kufuata mkono wa mwenyewe. Izungushe kidogo vidoleni, kushoto kisha kulia, uandike mstari mzima kila mara bila kukandamiza. Kuna mahali itaacha kukwaruza. Na kitasa kikiendelea kuwa kigumu baada ya kujaza mara chache, hapo ndipo ya grisi, mpelekee fundi.

dada_karani
Na kama inakwaruza hata baada ya hapo, jaribu karatasi ingine kwanza. Ile ya korti ya manjano huwa na vinyuzi vinashika katikati ya nibu, vitoe na maji, usivute na pini.