Mjadala: Daktari anayeomba kusomea ubingwa ahojiwe kwa video, au aje mwenyewe mbele ya juri, yaani jopo la madaktari wanaohoji?

Docta wa Bagira
Ndugu zangu, tuongee hili waziwazi. Madaktari wa Bukavu na Goma wanaoomba nafasi ya ubingwa Lubumbashi au Kinshasa bado wanaitwa waje wenyewe. Kwa njia gani? Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwishoni mwa Januari 2025, ule wa Kavumu, wa Bukavu, ukafuata mwezi uliofuata. Mtu avuke mto Ruzizi mpakani, azunguke nchi za watu, ndipo aingie tena nchini mwake kuulizwa maswali ya nusu saa! Nasema video iruhusiwe. Mnaonaje?

Papa Katuba
Nimekaa kwenye juri hapa Lubumbashi miaka mingi. Mpasuaji simchagui kwa sura ndani ya simu. Nampa uzi na sindano, namtazama anavyofunga fundo. Konesho ya intaneti ikikatika kila mara nitaona nini? Na tuheshimu kazi. Tulipojaribu video, mama mmoja daktari alikuwa anajibu huku mtoto analia nyuma yake. Mtihani wa ubingwa haufanyiwi jikoni.

Mama Docta Nguba
Papa, wewe ni mkubwa wetu, lakini neno la jikoni limenichoma. Alijibu vizuri au vibaya? Kilio cha mtoto umekikumbuka, majibu ya mama hukuyataja hata moja.

Asistenti wa Kamalondo
Tusitoke kwenye swali. Uingereza walihamishia mahojiano ya ubingwa mtandaoni mwaka 2020, wakati wa Korona, na hawakurudi nyuma. Wanaoomba udaktari wa familia hawahojiwi kabisa: wanafanya mtihani wa kompyuta, alama ndizo zinaamua. Marekani nao tangu mwaka ule hospitali nyingi zinahoji kwa video.

Papa Katuba
Uingereza umeme haukatiki katikati ya swali. Na mama yule sikusema hajui kazi. Nimesema mazingira.

Mama Docta Nguba
Mazingira! Basi nikuambie mazingira ya juri. Mimi nilikwenda mwenyewe na mimba ya miezi saba, jina la hospitali silitaji. Swali la kwanza: "Docta, utazaa lini, na zamu za usiku atafanya nani?" La pili: mume wangu anakubali? Eklampsia, ile degedege ya mama mjamzito, niliyoitibu usiku kwenye kituo cha afya kijijini, mimi na muuguzi mmoja tu, nikihesabu chupa za dawa yake, magnesi, zilizobaki, hakuna aliyeniuliza. Kwenye video tumbo halionekani. Wangelazimika kusikiliza ninachosema.

Mwana Birere
Dada yangu aliulizwa hivyohivyo hapa Goma. Alirudi nyumbani akavua koti jeupe, hakuongea na mtu hadi asubuhi.

Papa Katuba
Swali la zamu si tusi. Idara ina wanafunzi watatu wa ubingwa. Mmoja akienda kujifungua, wawili wanabeba usiku wote. Na mgonjwa je?

Mwana Birere
Sheria ya kazi ya Kongo ya 2002 inampa mama wiki 14 za likizo ya uzazi. Ubingwa ni miaka minne, mitano. Kwa sababu ya wiki 14 mnamnyima miaka mitano?

Muuguzi wa Ndosho
Samahani, mimi nauliza kingine. Nani atahakikisha anayejibu kwenye video ni yeye, na hakuna mtu chumbani anayemnong'oneza?

Mwana Birere
Majibu yananong'onezwa hata huko kwenye juri, tena wiki nzima kabla, kwa mtoto wa fulani!

Papa Katuba
Kijana, unanisema mimi? Kama unanisema mimi, sema wazi. Sijawahi kuuza nafasi. Kuna watoto wa marafiki zangu niliowakatalia, hadi leo baba zao hawanisalimu.

Mwana Birere
Sijakutaja, Papa. Nasema mlango ukifungwa, sisi wa nje hatuoni kitu. Video inaweza kurekodiwa. Aliyekataliwa akilalamika, isikilizwe tena.

Docta wa Bagira
Hiyo ya kurekodi ni nzuri. Na fundo la Papa Katuba, kwa nini lifungwe Lubumbashi tu? Bukavu kuna hospitali ya Panzi, kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, wapasuaji wapo. Mwombaji afunge fundo mbele yao, ninyi mmuulize maswali kwa video.

Papa Katuba
Yaani niletewe ripoti na mwalimu wake mwenyewe? Atasema nini zaidi ya kumsifu?

Mama Docta Nguba
Papa, bado nakusubiri. Yule mama mwenye mtoto alipata nafasi?

Papa Katuba
Alikuwa wa pili. Nafasi ilikuwa moja.

Mama Docta Nguba
Na kilio cha mtoto kilimtoa alama ngapi?

Asistenti wa Kamalondo
Mama, niseme kama mtu aliyebeba hizo zamu. Mwenzangu alijifungua, sisi wawili tukalala hospitalini hadi macho yakawa mekundu. Hasira yangu ilikuwa kwa idara, siyo kwake. Mimba walikuwa wanaiona kwa macho yao, miezi yote ile, na hakuna aliyetafuta daktari wa kumshikia nafasi. Aliporudi, yeye ndiye alinifundisha ekografia ya moyo, kuutazama moyo kwa mashine. Sasa mnataka mwingine kama yeye aachwe mlangoni ili orodha ya zamu isivurugike? Orodha ile inatengenezwa na mtu. Aitengeneze upya.