Tumeuziwa leseni ya programu ya bure, na paswedi wamegoma kutoa

Wakuu, leo mnivumilie, nina hasira.

Sisi ni ofisi ndogo ya kutoa mizigo bandarini. Ofisi iko Posta, godauni liko Kurasini. Bosi alichoka kununua vocha za watu wa kampuni moja kupigiana wenyewe kwa wenyewe, akaita kampuni fulani hapa mjini ituwekee simu za intaneti. Wakafunga seva, simu za mezani, na madereva wakawekewa Linphone, programu ya kupigia simu kwa intaneti, kwenye simu zao. Ilifanya kazi, sikatai.

Kisha ikaja ankara: leseni ya mfumo, leseni ya kila ekstensheni (namba ya ndani ya kila simu), zote za kila mwaka. Hadi Linphone ina leseni! Ileile ambayo mtoto wa sekondari anaishusha Play Store bila kutoa senti.

Siku fundi wao alipokuja kurekebisha, aliacha skrini wazi akaenda kula chipsi. Nikasoma. Imeandikwa Asterisk (ndiyo programu inayoendesha simu zetu kwenye seva), haki za tangu 1999, imeanzishwa na Mark Spencer, programu huru chini ya GPL, leseni inayomruhusu kila mtu kuitumia na kuibadili. Huyo Spencer ni Mmarekani, kampuni yake changa haikuwa na pesa ya mtambo wa simu za ofisi, akaandika wa kwake na kuuachia watu wote. Yaani kitu kilichozaliwa kwa sababu mtu alishindwa bei, sisi ndicho tunachopigiwa nacho Dar.

Na msije na ile ya "fundi naye ale". Ale! Toza kufunga, toza kuvuta waya, toza kuja kuangalia mfumo, tutalipa. GPL haikatazi hata kuuza. Inachokataza ni kumwongezea mteja masharti yako juu ya yale iliyompa: kuitumia, kuinakili, kuibadili, kupata msimbo wake. Mwaka huu bosi kachelewesha malipo, simu zote zikazimwa kutoka kwao. Tunaomba paswedi ya seva tuliyoinunua wenyewe, tunaambiwa ni "siri ya kampuni".

Ufundi wenyewe sasa. Godauni walikuwa wanatusikia, sisi hatuwasikii. Tukaambiwa tununue "moduli ya sauti". Kumbe ruta ilikuwa imewashwa SIP ALG, kitu kinachobadilisha anwani ndani ya pakiti za simu na mara nyingi kinaziharibu. Nilikizima mwenyewe, sauti ikarudi. Halafu ekstensheni 101 paswedi yake ni 101, na poti 5060, mlango wa simu za intaneti kwenye seva, iko wazi kwa dunia nzima! Roboti za wezi zinapekua poti hiyo usiku na mchana. Zikiingia, zinapiga nchi za mbali kwa laini yako, na bili inaletwa kwako, si kwa fundi.

Wenye uzoefu na Asterisk: risiti ya seva ninayo. Nikinakili diski nzima kwanza, kisha nikabadili paswedi ya ruti (msimamizi mkuu wa seva) kupitia GRUB, programu inayoiwasha seva, ekstensheni zitabaki salama? Au nijenge upya kwenye mashine nyingine niachane nao?

Na wewe fundi wao, maana najua umo humu, usinifuate PM. Jibu hapahapa.