Karakana ndogo ziko jirani jirani: tuchange tununue mashine ya pamoja au tuanzie wapi?

FundiBati

Wakuu habari zenu. Naomba mwenye uzoefu anisaidie maana tumekaa vikao mpaka tumechoka. Sisi ni karakana ndogo ndogo kumi na kitu hivi, zote eneo moja, wengine wanachomelea mageti na madirisha, wengine fenicha, kuna mwenye mashine ya kukereza, halafu wawili ni watu wa rangi tu. Kila mtu na biashara yake na mafundi wake watano sita.

Shida yetu sio kazi, kazi zipo. Shida mzigo hautoki kwa wakati, mteja anaahidiwa wiki anakuja kuchukua baada ya wiki tatu, na ukipita huko ndani watu wote wako bize, huoni aliyekaa. Sasa kuna wazo la kuchanga tununue mashine moja kubwa ya kukata bati, ile inayoendeshwa na kompyuta, iwe ya wote. Nusu wanaitaka, nusu wanasema itaishia kuwa ya mwenyekiti. Je, mashine ndio itaongeza uzalishaji au kuna kitu cha kuanza nacho? Na haya mambo ya kaizen, ule utaratibu wa Kijapani wa kuboresha kazi kidogo kidogo, yanafanya kazi kwa watu wadogo kama sisi au ni ya viwanda vikubwa tu? Natanguliza shukrani.

Mkerezaji

Mkuu, kabla hujatoa hata senti fanya kazi moja rahisi. Pita karakana zote uhesabu kila kitu kilichoanza ila hakijaisha, geti lililokatwa halijachomelewa, dirisha linalosubiri rangi, kitanda kinachosubiri msasa, vyote. Halafu uliza kwa siku vinatoka vingapi vimekamilika. Ukigawa cha kwanza kwa cha pili unapata siku ambazo kitu kimoja kinakaa humo ndani. Yaani vikiwa 60 na vinatoka 4 kwa siku, oda ya leo inatoka baada ya siku kama 15, hata ukimfokea fundi namna gani. Hii kanuni alithibitisha Mmarekani mmoja John Little mwaka 1961 na haina siasa, inafanya kazi benki, hospitali, kiwandani, popote.

Sasa ukae na fundi umuulize hilo geti moja ukijumlisha muda ambao mtu ameligusa kwa mkono ni masaa mangapi. Utaambiwa labda siku moja na nusu. Siku zilizobaki limekaa tu. Kwahiyo mnapoona watu wako bize mnaangalia watu, angalieni vitu. Vitu ndio vimelala.

Na sababu ya kuwa na vitu vingi vilivyoanza naijua maana ndio mazoea yetu mafundi wote, mteja akitoa advansi unataka aone kuna kitu kimekatwa ili asije akadai hela yake. Basi unakata kila oda siku inayoingia na hakuna inayoisha. Mashine ya kukata haraka itawafanya mkate haraka zaidi, mlundikano ukue. Tafuteni kwanza mahali vitu vinapolundikana, hapo ndipo penye kizuizi, na kama sio kwenye kukata basi hiyo mashine mtakuwa mmenunua pambo.

FundiBati

Duh. Nimepita leo jioni kama ulivyosema, sijamaliza karakana zote ila jibu naliona, karibu kila kitu kimesimama kikisubiri rangi. Kwenye kukata hakuna foleni kabisa. Kuna mwingine hata madirisha ya watu yamewekwa nje yanaanza kutu kwa kusubiri.

DadaWaZamu

Afadhali umeyaona mwenyewe kabla ya kuchanga. Mimi ni msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha fenicha za chuma na kwetu rangi ndio ilikuwa jipu, ngoja nikwambie tulivyofanya.

Kwanza jiulizeni wapaka rangi wanapoteza muda wapi. Mara nyingi sio kwenye kupiga rangi, ni kubadilisha rangi. Kusafisha bunduki ya kupulizia rangi, kuchanganya, kutafuta tina, kisha geti la mtu moja, kisha unasafisha tena. Panga oda kwa rangi, nyeupe zote pamoja kisha krimu kisha kijivu mwisho nyeusi, toka nyepesi kwenda nzito, usafishaji unapungua sana. Halafu kila kinachoweza kufanyika wakati bunduki inafanya kazi kifanyike wakati huo, sio bunduki isimame ndio mtu aanze kukoroga. Mhandisi Mjapani Shigeo Shingo alifanya hivyohivyo Toyota mwaka 1969, kulikuwa na pres (mashine ya kugandamiza bati) ya tani 1,000 ambayo kubadilisha kalibu yake ilichukua masaa 4, wakaishusha mpaka dakika 90, baadaye dakika 3. Kiini chake kilikuwa kutenganisha kazi ya lazima mashine isimame na kazi inayoweza kuandaliwa pembeni, na hilo linawezekana hata kwenye kibanda.

La pili, geti likifika kwa mpaka rangi likiwa na matone ya welding na mafuta, yeye ndiye anakaa kusaga na kufuta. Hapo mnamtumia mtu mnayemsubiri wote kwa kazi ambayo yeyote angeifanya! Kubalianeni kwamba hakuna kinachoingia kwa mpaka rangi bila kusagwa na kufutwa, kikifika kichafu kinarudi. Hili ndilo lenye faida kubwa kuliko yote na halihitaji hela, linahitaji mtu mmoja asiyeogopa kurudisha mzigo.

Kompresa nayo iangalieni. Jioni watu wote wakishazima vifaa, iacheni ikiwa na hewa msikilize. Kwenye viwanda vingi hewa inayovuja kwenye mipira na viungio hufika asilimia 20 hadi 30 ya inayozalishwa. Paka maji ya sabuni kwenye viungio, panapotoa povu kaza.

Kuhusu kaizen, anza na zile S tano: Sasambua (toa visivyohitajika), Seti (kila kitu na mahali pake), Safisha, Sanifisha (wote mfuate utaratibu mmoja), Shikilia (msiache). Ila usianze na mabango ukutani jamani, nimechoka na karakana zenye bango zuri na spana hazionekani. Utafiti uliochapishwa 2013 kwa viwanda vya nguo karibu na Mumbai ulionyesha kwamba vilivyofundishwa usimamizi wa kawaida tu, kupanga stoki, kuandika kasoro, kufanya sevisi ya mashine kabla haijafa, vilipandisha tija kwa asilimia 17 mwaka wa kwanza.

Mzee wa Kupinga

Binti yangu umeeleza vizuri ila hivyo viwanda vya Mumbai vilikuwa na watu mamia, sio karakana ya watu watano. Tusichanganye.

Mimi nimeona mafunzo haya yakija na kuondoka, mwalimu akishapanda gari kila kitu kinarudi kilikokuwa. Na sio kwamba mafundi ni wavivu kama mabosi wanavyopenda kusema. Angalieni mnavyowalipa. Kuna mji unaitwa Sialkot huko Pakistan, viwanda vya mipira ya miguu vimejazana hapo, watafiti wakabuni namna mpya ya kukata vipande inayopunguza mabaki ya malighafi, wakawagawia wenye viwanda bure kabisa. Zaidi ya mwaka ukapita, karibu hakuna aliyeitumia. Kumbe wakataji wanalipwa kwa kipande, na ukataji mpya unawachelewesha mwanzoni, mabaki yakipungua faida ni ya tajiri. Basi wakawa wanamwambia tajiri hii kitu haifai. Baadaye watafiti wakachagua baadhi ya viwanda hivyo, wakaahidi mkataji mmoja na mpiga chapa mmoja katika kila kimoja malipo kama ya mshahara wa mwezi wakionyesha wameiweza, na hapo viwanda kadhaa vikaanza kuitumia. Yalichapishwa 2017 hayo.

Sasa nyie mwambieni mchomeleaji asage geti vizuri kabla halijaenda kwenye rangi huku mnamlipa kwa geti. Atasaga? Hasagi, na mimi ningekuwa yeye nisingesaga. Lipa geti lililopokelewa na mpaka rangi, sio geti lililoshuka mezani. Badilisha hapo, mengine utashangaa.

FundiBati

Mzee hapo umenigusa, sisi wote tunalipa kwa kipande. Sasa na la mashine tuliache kabisa? Maana kuna vijana wameshaanza kuchanga na siwezi kuwaambia tu basi.

Karani wa Ushirika

Sio kuliacha, ila msinunue kwa kuchanga kwanza. Mashine ya wote ni mashine ya nani ikiharibika? Hapo ndio penye ugomvi, kila mtu aliitumia jana na hakuna aliyeivunja.

Njia iliyo rahisi ni mmoja awe nayo na wengine wakodi kwa saa. Na hii sio nadharia, watafiti waliochunguza maseremala wadogo Uganda, kazi yao ikachapishwa 2022, walikuta hivyohivyo, karakana nyingi hazina randa kubwa na misumeno yao wenyewe ila wanapeleka mbao kwa jirani mwenye mashine wanalipia muda. Karakana iliyo peke yake haiwezi kuishibisha mashine kubwa, zikiwa kumi jirani inashiba. Alfred Marshall yule mchumi wa Uingereza alishaliandika mwaka 1890, kwamba penye wazalishaji wengi wa kitu kimoja anaweza kutokea mtu wa kazi moja ndogo tu, akawafanyia majirani wote na mashine yake ya gharama isikae bure. Kwenu huyo mtu mnaye tayari, ni mpaka rangi! Kama kuna hela ya kuchanga basi ikopesheni kwake aongeze sehemu ya kukaushia, deni mlikate kwenye malipo ya kazi anazowafanyia.

Kitu kingine ambacho hamjakisema, mnanunua bati kila mtu kivyake? Nunueni pamoja, hiyo haihitaji urafiki, inahitaji daftari na watu wawili wa kusaini. Na mkubaliane vipimo viwili vitatu vya kawaida vya fremu na bawaba ili mtengeneze jigi moja (fremu ya kushikia vipande kwa kipimo kilekile) inayozunguka, badala ya kila fundi kupima upya na kukwangua kwa makadirio. Bei ya kuuzia msiipange pamoja, nchi nyingi sheria ya ushindani inakataza, na hata isingekataza mngeanza kuviziana.

FundiBati

Nimeelewa. La mwisho wakuu, tukifika kwenye kukodishana kwa saa, bei ya saa mnapangaje? Maana umeme wa eneo letu uko kwenye mita ya mtu mmoja na tayari ni kelele.

Mkerezaji

Funga mita ndogo kwenye hiyo mashine peke yake, sio kwa karakana nzima. Bei ya saa ni umeme unaosomwa hapo, jumlisha vinavyolika kama diski na nozeli, jumlisha malipo ya mwendeshaji (awe mmoja, sio kila anayekuja aishike), jumlisha akiba ya matengenezo, halafu faida ya mwenye mashine. Daftari likae juu ya mashine, saa ya kuanza na ya kumaliza, anayeandika ni mwendeshaji. Mwenye mashine naye akiitumia ajiandike kama wengine.

Ila rangi kwanza mkuu. Usije ukarudi hapa na picha ya mashine mpya.