Mrejesho: keki ngumu na vikombe vya mapishi ya Marekani

Ndugu zangu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini keki ya vikombe 2 vya unga inatoka ngumu kama tofali. Mlioniambia nipime kikombe changu kwa maji mlikuwa sahihi kabisa: kikombe cha chai cha hapa nyumbani kinaingia mililita 300, cha mapishi ya Marekani ni kama 240. Tena nilikuwa nikichota unga moja kwa moja kwenye pakiti, ukishindiliwa.

Sasa natumia mizani: kikombe cha unga gramu 125, cha sukari 200. Kijiko cha chai ni mililita 5, nakisawazisha kwa mgongo wa kisu. Keki imekuwa laini, ukiikata haimeguki ovyo.

Ila katikati ilibonyea. Aliyetaja mwinuko wa Nairobi, zaidi ya mita 1,600, sikumfuata. Niliweka bekingi poda vijiko 2 vizima. Hewa ya huku ni nyepesi, gesi hupanuka haraka, keki inapanda kabla haijashika kisha inaporomoka. Nilipopunguza hadi kijiko 1 na nusu, shimo lilipungua, halijaisha. Nitajaribu 1 na robo.